Kufunga Nywele za Mbwa Mdogo Zisimfunike Macho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanaofuga Shih Tzu, Maltese, Yorkshire Terrier, Lhasa Apso na machotara wao hapa Kigoma, kuanzia Bangwe na Katonga hadi Gungu na Ujiji. Kama mbwa wako sasa hivi anafumba jicho moja au jicho limeingia ukungu, ruka yote haya uende kwenye swali la jicho jekundu.

Kwani ni lazima kumfunga? Si ndivyo alivyoumbwa?

Alivyo ni kazi ya watu waliochagua wazazi wake kizazi baada ya kizazi. Mbwa wetu wa kawaida, manyoya yake hufika urefu fulani yakadondoka. Hawa nywele zao huendelea kurefuka, na zile za juu ya pua na za paji la uso huangukia moja kwa moja kwenye macho. Kwa Shih Tzu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu shimo la jicho lake ni la kina kifupi na jicho limetokeza nje. Kila akipepesa, ncha za nywele zinasugua kioo cha jicho. Ongeza vumbi letu jekundu la kiangazi, ambalo hukaa kwenye nywele hizo kisha likaingia machoni na machozi.

Una njia mbili: kufunga kishungi utosini kwa kimpira kidogo, au kukata. Kuacha tu hakumo.

Nimeambiwa nywele zinamkinga na jua, nikizifunga atapofuka.

Si kweli. Jicho la mbwa lina mboni inayojibana penye mwanga mkali, pia lina vigubiko viwili (kope ya juu na ya chini) na utando wa tatu pembeni. Unachoweza kuona ni mbwa aliyezoea kuishi nyuma ya pazia akishtuka siku za mwanzo: anabwekea kuku ambao walikuwepo siku zote, au anakwepa mkono unaomjia kwa juu. Hayo huisha akizoea.

Nianze akiwa na umri gani?

Mkono uanze mapema, kimpira kisubiri. Tangu siku unayomleta nyumbani, mchane kichwani kila siku kwa dakika mbili tatu, hata kama hakuna cha kuchana. Kishungi cha kwanza hufungwa nywele za paji la uso zikifika kama sentimita 8. Kwa wengi ni karibu miezi mitano. Kabla ya hapo zitachomoka tu, na utajikuta unakaza ili zishike. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kwa mtoto wa mbwa ni afadhali vishungi viwili vidogo, kimoja juu ya kila jicho, kuliko kimoja kikubwa. Nywele fupi hazilazimiki kuvutwa hadi katikati.

Ninunue vifaa gani, na vinapatikana Kigoma?

Vingi viko kwenye maduka ya vipodozi na vifaa vya saluni, Mwanga au mjini. Duka la mifugo si lazima.

Kitana chenye mkia mwembamba, kile wasusi wanachotengea mistari. Chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana kwa ajili ya kuchana kwanza. Mkasi mdogo wenye ncha butu. Chupa ya kupulizia maji. Pamba. Na vimpira vidogo vya kusukia watoto, vile laini vyenye upana wa sentimita moja hivi kabla ya kuvutwa. Nunua pakiti ndogo, kwa sababu joto huviharibu: kimpira kilichokaa juani hunata, kikikatika hubaki kimeng'ang'ania nywele. Viweke kwenye kikopo chenye kifuniko, kivulini.

Mpira wa kufungia pesa usiuguse. Ni mgumu, unang'ata nywele na kuzikata palepale ulipofungwa, na baada ya wiki chache unaona vishina vifupi vimesimama kama brashi. Vibanio vya chuma vina uzito, vinavuta ngozi na hupata kutu. Vibanio vya plastiki vyenye meno huvunjika mbwa akijikuna, na kipande chenye ncha kinakuwa sentimita mbili tu kutoka kwenye jicho.

Ukikosa vimpira, chukua soksi kuukuu ya kike ya nailoni, ikate mviringo wa upana wa sentimita moja. Utapata pete laini inayovutika na isiyokata nywele. Haishiki sana kama kimpira, lakini kwa mbwa anayeshinda ndani inatosha.

Nifungeje, hatua kwa hatua?

Chagua wakati amechoka, si wakati anasikia geti likifunguliwa. Mlaze kifudifudi mapajani, kidevu juu ya mto mdogo, au mweke kwenye meza uliyotandika taulo lenye unyevu kidogo ili asiteleze. Mezani mkono mmoja usimwachie: mbwa mdogo akiruka kutoka mezani anaweza kuvunjika mguu.

Anza na macho. Lowesha pamba kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, iweke juu ya matongotongo dakika moja au mbili yalainike, kisha futa kuelekea nje, mbali na jicho. Kila jicho na pamba yake. Ukiyakwangua yakiwa makavu utang'oa nywele na kuchubua ngozi ya pembe ya jicho, na kesho yake hakuruhusu tena.

Pulizia nywele za kichwani maji kidogo yenye kondishena, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Mkinge macho kwa kiganja. Nywele kavu kabisa hukatika zikichanwa, hasa miezi ya Juni hadi Septemba hewa inapokuwa kavu. Chana kuanzia ncha kuja kwenye mizizi. Ukianzia kwenye mizizi unasukuma mafundo yote yakusanyike chini.

Sasa tenga mstari. Weka mkia wa kitana kwenye pembe ya nje ya jicho moja, upandishe kwa upinde hadi mbele ya sikio, uvuke utosi, ushuke vivyo hivyo upande wa pili. Kilichomo ndani ya upinde huo ndicho kishungi. Nywele za masikio zibaki nje kabisa. Hili ndilo kosa la wanaoanza: wanakusanya na nywele za sikio, na kila mbwa anaposogeza sikio kishungi kinavutwa, anakuna, kimeharibika.

Kusanya nywele hizo kwa vidole, si kwa kuzivuta kwa kitana hadi zing'ae. Zishike juu ya paji la uso, mbele kidogo ya utosi, pitisha kimpira, kizungushe mara mbili au tatu kulingana na unene. Kimpira kikae kama nusu sentimita juu ya ngozi, kisiigandamize.

Mwisho, ingiza mkia wa kitana chini ya nywele mbele ya kimpira, uzisukume juu kidogo zifanye kivimbe. Kivimbe hicho watu hudhani ni urembo. Kazi yake ni kuipa ngozi nafasi, ili mbwa akipepesa au kukunja paji la uso kusiwe na kinachovutwa.

Nitajuaje kama nimekaza mno?

Tazama macho yake kutoka mbele. Yakionekana yamevutwa juu au pembeni, au weupe wa jicho unaonekana zaidi ya kawaida, fungua. Msogezee kiganja mbele ya macho bila kumgusa ili apepese, uone kama vigubiko vinakutana vizuri. Jicho lisilofumbika hukauka. Mkia wa kitana upite chini ya nywele bila kulazimishwa.

Halafu mwache atembee robo saa. Anayesugua kichwa kwenye kochi, anayejikuna kwa mguu wa nyuma au anayetembea ameinamisha kichwa anakuambia kimebana. Kikikaa hivyo siku nyingi, nywele zinang'oka kwenye mizizi na unabaki na uwazi wa duara utosini. Zikivutwa kwa miezi, mizizi hufa na nywele hazirudi. Msusi yeyote amewaona binadamu wa namna hiyo kwenye panja.

Lakini kikilegea kinachomoka baada ya nusu saa.

Mara nyingi sababu si ulegevu. Ama umechukua nywele nyingi mno, kishungi kikawa kizito. Ama nywele zimetoka kuoshwa na zinateleza, basi pulizia yale maji ya kondishena kabla ya kufunga. Ama kimpira ni kikubwa kwa nywele za mbwa wako. Gawanya: funga kishungi cha mbele kwa nywele za juu ya macho tu, cha pili nyuma yake kwa nywele za utosi, kisha unganisha mikia ya vyote kwa kimpira cha tatu. Uzito unagawanyika na cha mbele hakidondoki.

Kikichomoka, kifunge upya. Kilegevu kinachofungwa kila asubuhi ni bora kuliko kilichokazwa kinachomaliza wiki.

Vinywele vifupi vya juu ya pua havifiki kwenye kimpira. Vinamchoma.

Hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu vimesimama na ncha zake zinaelekea kwenye jicho. Kwa Shih Tzu huota vikitawanyika pande zote kutoka katikati ya uso. Amua moja. Ukitaka kuvikuza, vipake maji ya kondishena kidogo mara mbili kwa siku na kuvilaza kuelekea chini, pembeni mwa pua, mpaka viwe virefu vya kulala vyenyewe. Usitumie jeli ya nywele za watu: ikikauka inakuwa ngumu na vipande vyake hupukutikia machoni. Ukichoka kusubiri, vikate, na ukubali kuvikata kila wiki tatu au nne.

Kishungi kikae muda gani? Alale nacho?

Kifungue kila siku. Siku mbili ndio mwisho, hata kama bado kinapendeza. Chini ya kimpira nywele hujisokota polepole, mafuta ya ngozi na vumbi vinakusanyika, na kupe hupenda kujificha hapo, kwa hiyo pitisha vidole kila unapofungua. Usiku mwachie nywele wazi. Kama zinamziba macho hata akilala, mfungie pete ya soksi.

Wenye mbwa wa mashindano huko Uingereza na Marekani hufunga nywele za Maltese na Yorkshire Terrier ndani ya vikaratasi kwa ajili ya kulinda urefu. Mbwa anayekimbizana na paka uani huhitaji hayo kama ziwa linavyohitaji ndoo ya maji.

Kimpira kinatolewaje?

Kwa kukikata. Ingiza ncha butu ya mkasi chini ya kimpira, sambamba na nywele, uelekeze mbali na jicho, kata, kiachie chenyewe. Kukivuta kinatoka na nywele zake. Kisitumike mara ya pili.

Kihesabu: kimoja kimefungwa, kimoja kitolewe. Kimpira kilichosahauliwa ndani ya nywele zilizosokotana huzama taratibu, na kikiwa kimezunguka ncha ya sikio au kimebana ngozi kinaweza kuikata hadi kidonda. Ukiona harufu au ute utosini na hujui unatoka wapi, tafuta kimpira cha zamani.

Amemeza kimpira.

Kimoja kidogo mara nyingi hutoka na choo. Mwangalie siku mbili tatu. Akitapika mara kwa mara, akikataa kula, tumbo likawa gumu au hapati choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani utumbo unaweza kuwa umeziba. Ukiona kimpira au uzi umening'inia nyuma, usivute. Kama kuna mbwa wawili nyumbani, tarajia hili: wanang'oana vishungi wakicheza.

Nywele zimefungamana utosini. Nikate?

Kwanza jaribu vidole. Paka kondishena kidogo au mafuta ya nazi matone mawili, shika nywele karibu na ngozi ili mvuto usimfikie, kisha lichambue fundo kutoka nje kwenda ndani, mwisho chanuo. Likishindikana ndani ya dakika kumi, lipasue kwa mkasi kwa kufuata urefu wa nywele, si kwa kulikata kwa upana, halafu chana vipande. Fundo lililogandamana na ngozi usilikate kwa mkasi hata kidogo. Ngozi huvutwa ndani ya fundo na utaikata bila kuiona. Hiyo ni kazi ya mashine ya kunyolea.

Mafuta ya mawese je? Tunayo tele.

Yaacheni yapikie migebuka. Yanapaka rangi nywele nyeupe, yananata vumbi, na joto likizidi huteremka hadi machoni. Mafuta ya nazi yanatosha, nayo ni kwa kufumulia mafundo tu.

Tunaishi karibu na ziwa. Anaogelea nacho?

Mfungue kabla hajaingia. Nywele zilizolowa zikiwa zimefungwa hubana, zikikauka hivyo zinasokotana vibaya, na unyevu uliobaki chini ya kimpira huleta wekundu na muwasho. Akitoka, msuuze kwa maji safi, kausha kwa taulo kwa kubonyeza bila kusugua, chana, subiri zikauke, ndipo ufunge. Vivyo hivyo kwa mvua za Novemba hadi Aprili. (Na maeneo yenye matete mbwa mdogo asiogelee kabisa. Tanganyika ina mamba.)

Akipita kwenye majani, kagua uso wote akirudi. Mbegu za kishona nguo hunasa kwenye nywele za uso, na moja ikifika chini ya kigubiko cha jicho ni dharura.

Ana michirizi ya kahawia chini ya macho. Inatoka?

Rangi hiyo inatokana na kitu kiitwacho pofirini kilichomo kwenye machozi, na kwa mbwa mweupe huonekana sana. Nywele iliyokwisha kupakwa rangi haisafiki kabisa. Inakua na kukatwa. Cha kufanya ni kupunguza machozi kwa kuondoa nywele zinazomchoma, kisha kufuta na kukausha asubuhi na jioni. Msitumie jiki, ndimu wala dawa ya kung'arishia nywele karibu na jicho. Machozi yakizidi ghafla, au kwa jicho moja tu, hilo si suala la rangi.

Hataki kushikwa kichwani, anang'ata.

Rudi nyuma. Siku kadhaa gusa paji la uso tu, kisha kipande kidogo cha kuku. Halafu mkia wa kitana, halafu kushika nywele bila kufunga. Dakika moja kila mara, na uache kabla hajaanza kukataa. Mbwa aliyekuwa mtulivu akaanza kung'ata ghafla anaumwa mahali: kagua jicho, sikio, na meno.

Dada wa nyumbani ni Muislamu na hawezi kumshika. Tufanyeje?

Msimlazimishe. Kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kazi hii ni ya maji, mate na matongotongo tangu mwanzo hadi mwisho, basi aifanye mwenye mbwa. Vitana, taulo na beseni vya mbwa vikae peke yake. Hata nyumba isiyo na Muislamu ifanye hivyo: mapunye huhama kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto kupitia kitana.

Jicho ni jekundu, analifumba. Nimpe dawa gani?

Usimpe uliyobaki nayo. Jicho linalofumbwa, linalotoa machozi au usaha, lenye ukungu au analolikuna linaweza kuwa na kidonda kwenye kioo chake. Dawa nyingi za macho za duka la dawa za binadamu huchanganywa na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), kama deksamethasoni au betamethasoni. Steroidi juu ya kidonda inazuia kisipone, na jicho linaweza kutoboka. Soma kijikaratasi kabla ya kudondosha chochote.

Fungua kishungi, suuza jicho kwa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa, mzuie asijikune, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Muulize kabla ya kwenda kama ana kikaratasi cha fluoresini, kile cha rangi ya machungwa ambacho hufanya kidonda kiwake kijani, kwa sababu ofisi nyingi huku zimezoea ng'ombe na mbuzi. Usisubiri kesho.

Jicho likitoka nje ya shimo lake, jambo linaloweza kumpata Shih Tzu aliyeng'atwa na mbwa mkubwa au aliyeshikwa ngozi ya shingo kwa nguvu, lifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji hayo ya chumvi, usilisukume ndani, nenda saa hiyohiyo.

Siwezi haya kila siku. Nikikata je?

Kata bila aibu. Kwa nyumba nyingi ndilo jibu sahihi, na mbwa hajali. Mmoja amshike kidevu kutoka nyuma, mwingine akate. Chana nywele za paji la uso zishuke juu ya macho, kata kwa mkasi wa ncha butu ukiwa umelazwa sambamba na paji, juu ya nyusi. Za kwenye pembe ya ndani ya jicho zishike kwa vidole, mkasi uelekee chini kwenye pua, usiwahi kuelekea kwenye jicho. Kata kidogo kidogo, acha akipiga chafya.

Ukishakata, usibadili mawazo baada ya mwezi. Nywele hurefuka kama sentimita moja hivi kwa mwezi, na urefu wa sentimita mbili hadi nne ndio unaochoma macho kuliko wowote: ni ndefu za kufika kwenye jicho, fupi za kufungwa. Atakayetaka kurudi kwenye kishungi ajue ana miezi kadhaa ya kulaza nywele pembeni kwa maji ya kondishena, asubuhi na jioni.